Kichwa cha treni ya umeme huanzaje na mzigo wote ule bila kuunguza mota?

Swali: Mimi ni fundi wa mashine za kusaga hapa Kilosa. Mota yangu ni ya njia tatu, hospawa 20. Ikianza huku mahindi yamejaa ndani inaguna, taa za majirani zinafifia, na nisipowahi kuzima inaungua. Sasa naiona treni ya umeme ikiondoka stesheni na mabehewa yote yale, taratibu, kana kwamba haina mzigo. Inawezekanaje? Tena magurudumu ni chuma juu ya chuma, mbona hayatelezi? Na hicho wanachotumia, mimi siwezi kukipata kwa mashine yangu?

Jibu: Fundi, umenifurahisha, maana wengi wakiniuliza habari za treni ya umeme huanza na kasi. Wewe umeanza na kuondoka stesheni, na siri yenyewe iko hapo. Mota zilizo ndani ya vichwa vya umeme vya kizazi hiki na hiyo yako ya kusagia unga ni ndugu. Nyingi ni mota za njia tatu za aina ileile: hazina brashi wala kaboni za kubadilisha, na rota yake, ile sehemu inayozunguka, ni fito za metali zilizounganishwa ncha kwa ncha kama tenga. Ukifungua ya treni leo utaitambua mara moja. Tofauti kubwa iko kwenye umeme zinaolishwa.

Nitaeleza kwa kutumia kichwa kimoja ninachokifahamu vizuri, Taurus cha Austria, kilichotengenezwa na Siemens kwa ajili ya treni za haraka za abiria na kuanza kukabidhiwa shirika la reli la nchi hiyo mwaka 2000. Jina lake kwa Kilatini ni fahali. Kina uzito wa tani 86, ekseli nne zote zinazovuta, na kila ekseli ina mota yake ya kilowati 1,600. Jumla ni kilowati 6,400. Hospawa 20 zako ni kilowati 15, kwa hiyo mota moja tu ya fahali huyu ni sawa na zaidi ya mashine mia moja kama yako. Kanuni zake ndizo zilezile zinazoendesha vichwa vinavyopita hapo Kilosa, vile 17 ambavyo Tanzania iliagiza Hyundai Rotem ya Korea Kusini.

Kwanza tuone kwa nini yako inaguna. Umeme wa TANESCO ni wa hezi 50, yaani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukiwasha swichi, sumaku inayozunguka ndani ya mota (si kipande cha chuma, ni nguvu inayotengenezwa na umeme kwenye koili) huanza papo hapo kukimbia mizunguko 1,500 kwa dakika (nadhani kibao cha mota yako kimeandikwa 1,460 au karibu na hapo), wakati rota bado imesimama kabisa. Pengo kati ya hivyo viwili ni kubwa mno. Rota inakuwa kama transfoma iliyopigwa shoti, na mota inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Ndiyo sababu taa za majirani zinafifia. Kibaya zaidi, sehemu kubwa ya mkondo huo inaishia kuwa joto na haisaidii kusukuma nyundo zinazosaga. Staa-delta, ile swichi ya kuwashia mota kwa hatua mbili, inapunguza huo mkondo, lakini nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi moja. Kwa mashine tupu inatosha. Kwa mashine iliyojaa mahindi haitoshi, na hapo ndipo moshi unapoanza kutoka.

Kichwa cha treni hakimtupii rota hezi 50 kwa mkupuo. Dereva akisogeza mkono wa nguvu, kompyuta inaipa mota umeme wa chini ya hezi moja, kwa volti ndogo. Sumaku ndani ya mota inaanza kutembea polepole kabisa, na rota inaifuata ikiwa nyuma yake kidogo tu. Treni ikijongea, hezi zinaongezwa. Ikijongea tena, zinaongezwa tena. Ni kama mtu anayemwongoza ng'ombe kwa kamba: anatembea hatua moja mbele yake, kamba imekaza lakini haijakatika. Wewe mashineni unafunga kamba hiyo kwenye lori lililokwisha shika kasi, halafu unamtarajia ng'ombe alifikie.

Kwa namna hiyo mota ya treni haipatwi kabisa na ule mshtuko wa kuanza. Kutoka kusimama hadi kasi ya juu, pengo kati ya sumaku na rota linabaki dogo, na karibu kila ampea inafanya kazi ya kusukuma.

Kuupata umeme huo wa hezi zinazobadilika ndiko kunakojaza chumba kizima cha mitambo. Waya wa juu wa SGR yetu una volti 25,000. Volti ni nyingi hivyo kwa sababu ya ampea: kilowati 6,400 kwa volti 25,000 ni ampea zipatazo 256, ambazo waya mmoja unazimudu. Baadhi ya njia za zamani za Ulaya zina volti 3,000 tu, na hapo kazi hiyohiyo ingedai ampea zaidi ya 2,000, waya mnene sana, na vituo vya kupoza umeme vilivyokaribiana zaidi. Hapa naomba niseme jambo kwa uzito wake, maana unaishi kando ya njia na pengine una watoto: volti 25,000 haisubiri kuguswa. Inaweza kuruka hewani na kumfikia mtu aliyepanda juu ya behewa kabla mkono wake haujafika kwenye waya. Waambie vijana.

Kutoka kwenye waya, umeme unashuka kupitia pantografu, ule mkono wa paani, unaingia kwenye transfoma, kisha unarudi kituoni kupitia magurudumu na reli. Transfoma ndiyo mojawapo ya vitu vizito kuliko vyote ndani ya kichwa. Austria, Ujerumani na Uswisi wanatumia volti 15,000 zenye hezi 16.7, urithi wa makubaliano ya reli za Ujerumani ya mwaka 1912, enzi ambapo mota kubwa za brashi zilikuwa zikichoma kaboni zake zikilishwa hezi 50. Hezi zikiwa chache, chuma cha transfoma kinahitajika kingi, kwa hiyo Taurus inabeba transfoma nzito kuliko ambayo ingehitaji kwa umeme wetu wa 50. Kwa upande mwingine wao wana gridi maalumu ya reli iliyoungana. Njia za hezi 50 hulishwa na gridi ya kawaida, na ili mzigo ugawanyike sawa kwenye zile njia tatu za umeme, reli hukatwa vipande vinavyolishwa na njia tofauti. Kati ya kipande na kipande kuna sehemu fupi isiyo na umeme. Kichwa kinazima nguvu, kinateleza kwa kasi yake, kinawasha upande wa pili. Abiria makini huenda akahisi kiyoyozi kimenyamaza kidogo.

Baada ya transfoma, kigeuzi cha kwanza kinaufanya umeme uwe wa DC, unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri. Kigeuzi cha pili kinaukatakata ule wa DC mara mamia kwa sekunde na kuutoa upya kama umeme wa njia tatu, kwa hezi na volti zozote ambazo kompyuta itaagiza. Huko kukatakata kuna sauti. Taurus za mwanzo zikiondoka stesheni hutoa mlio unaopanda hatua kwa hatua kama mtu anayepiga noti za muziki kwenye saksafoni, moja baada ya nyingine, kwa sababu kasi ya kukata hupandishwa kwa hatua wakati treni inaanza kujongea. Wapo watu husimama stesheni ya Vienna kuusikiliza mlio huo tu, na mimi siwashangai.

Sasa swali lako la pili, la chuma juu ya chuma, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza.

Gurudumu la treni linagusa reli kwa eneo dogo sana, karibu na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Taurus ina magurudumu manane, kwa hiyo fahali mzima wa kilowati 6,400 anaishikilia dunia kwa kucha nane. Kutelezateleza huko kwa chuma ndiko kunakofanya reli iwe na faida. Treni ya tani 500 kwenye tambarare, ikienda polepole, inahitaji kuvutwa kwa nguvu isiyozidi sana uzito wa tani moja. Hilo ndilo unaloliona stesheni ukadhani haina mzigo: kuisogeza tu ni rahisi. Kazi ni kuiongezea kasi na kuipandisha mlima.

Kwenye reli kavu na safi, gurudumu linaweza kusukuma kwa nguvu ya karibu theluthi moja ya uzito ulioko juu yake. Taurus inaanza na nguvu ya kilonyutoni 300, yaani kama uzito wa tani 30, na hiyo tayari imezidi kidogo theluthi ya tani zake 86. Wangeweza kuweka mota kubwa zaidi, lakini magurudumu yangezunguka mahali pamoja yakiisaga reli. Kwa hiyo wakati wa kuondoka, kinachokiwekea kichwa mpaka ni mshiko. Kilowati zinaanza kuhesabika baadaye. Ukigawa kilowati 6,400 kwa kilonyutoni 300 utaona kwamba nguvu hiyo yote ya kuvuta inaweza kuendelea hadi kasi ya kilomita 77 kwa saa, ambayo treni ya tani 500 huifikia kwa sekunde kama 40. Kuanzia hapo hesabu inageuka: mshiko upo, ila kila kasi ikiongezeka nguvu ya kuvuta inapungua. Kwenye kilomita 160 kwa saa zinabaki kilonyutoni 144. Kwenye 230, ambayo ndiyo kasi yake ya juu kazini, zinabaki 100, na nyingi zinaliwa na upepo. Ndiyo maana kichwa cha treni ya haraka kinadai kilowati nyingi hata kama mabehewa ni machache, wakati kichwa cha mizigo kinadai uzito.

Mvua ikinyesha mshiko unaweza kushuka hadi moja ya tano ya uzito au chini yake. Manyunyu ni mabaya kuliko mvua kubwa. Mvua kubwa inaiosha reli. Manyunyu yanachanganyika na vumbi na kutu na kuacha utando kama sabuni. Huko Ulaya adui mkubwa ni majani makavu ya miti yanayopondwa relini. Dawa ya kale bado inatumika: kichwa kinabeba mchanga mkavu na kuupuliza mbele ya magurudumu.

Dawa mpya ni ile mota yako, na hapa maswali yako mawili yanakutana. Vichwa vya zamani vilikuwa na mota za brashi ambazo gurudumu likianza kuteleza mzigo hupungua, na mzigo ukipungua mota hukimbia zaidi, mpaka dereva akate nguvu. Mota ya njia tatu haikimbii. Kwa nguvu yake yenyewe haiwezi kuipita sumaku yake: ikiikaribia tu, nguvu ya kusukuma inapungua yenyewe. Kompyuta inaingiza mkono wake juu ya tabia hiyo, ikilinganisha kasi ya ekseli na ekseli na kupunguza nguvu kabla dereva hajahisi lolote. Kuna jambo ambalo wengi hulipinga wakilisikia mara ya kwanza: gurudumu linalovuta kwa nguvu kubwa huwa linateleza kidogo muda wote, na mshiko mkubwa kuliko wote hupatikana ndani ya mtelezo huo mdogo wa asilimia chache. Mfumo wa kisasa hauui mtelezo huo, unaulinda ubaki hapo hapo.

Breki ni mota ileile, kamba ileile, ila sasa mwenye kamba anatembea hatua moja nyuma ya ng'ombe. Kompyuta inashusha hezi kidogo chini ya kasi ya rota. Rota sasa ndiyo inayoikimbiza sumaku, mota inageuka jenereta, treni inapunguza mwendo na umeme unapanda kurudi kwenye waya. Treni ya tani 500 ikiwa kilomita 160 kwa saa ina nishati ya mwendo ya karibu yuniti 137, zilezile yuniti unazonunua kwa LUKU. Hazirudi zote, maana kila kifaa kinadai ushuru wake na breki za hewa nazo husaidia, lakini zinazorudi zinaweza kuvuta treni nyingine iliyo karibu. Treni ya dizeli yenye mota za umeme nayo inaweza kupunguza mwendo kwa njia hii. Tatizo ni kwamba haina waya wa kurudishia, kwa hiyo umeme huo huishia kuwa joto kwenye paa lake.

Kuna suala ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha, kwa sababu ndilo linalotenganisha kichwa cha abiria na vingine. Mota ya kilowati 1,600 ni nzito. Ukiiegemeza kwenye ekseli, kama inavyofanywa kwenye vichwa vingi vya mizigo, sehemu ya uzito huo haibebwi na springi na inaigonga reli kila penye kasoro ndogo. Kwenye kilomita 80 kwa saa inavumilika, kwenye 200 ni nyundo. Wafaransa waliposukuma vichwa vyao viwili mwezi Machi 1955 kusini mwa Bordeaux, na kimoja, BB 9004, kikafika kilomita 331 kwa saa, waliacha nyuma yao reli zilizopindapinda. Kwenye Taurus mota imening'inizwa kwenye fremu ya bogi (kile kigari cha chini kinachobeba ekseli mbili), juu ya springi, na nguvu inafika kwenye ekseli kupitia shafti yenye tundu kubwa inayoizunguka ekseli bila kuigusa, ikiruhusu moja icheze na nyingine itulie. Diski za breki zimewekwa kwenye shafti ya peke yake, nazo pia juu ya springi. Tarehe 2 Septemba 2006, kichwa kimoja cha familia hii, 1216 050, kilifika kilomita 357 kwa saa kati ya Ingolstadt na Nürnberg, rekodi ya dunia ya vichwa vya umeme. Mafundi wa shafti wanastahili sehemu kubwa ya sifa hiyo, ingawa magazeti huwa hayawataji.

Pengine umeona pia mchongoko ukipita, ile treni isiyo na kichwa kilichojitenga. Yenyewe imezisambaza mota chini ya mabehewa, kwa hiyo ekseli zinazovuta ni nyingi, kila moja inaombwa kidogo, na mshiko si shida kubwa. Kwa kuondoka haraka na kusimama mara nyingi, mchongoko unashinda. Faida ya kichwa ni kwamba kinafunguliwa: kikiharibika unaleta kingine na mabehewa yanaendelea, abiria wakiongezeka unaongeza behewa, na zamu ya abiria ikiisha kinaweza kuvuta mizigo. Waaustria walichagua njia ya katikati: tangu mwisho wa 2008 treni zao za Railjet za kizazi cha kwanza zina mabehewa saba yaliyofungwa pamoja, Taurus upande mmoja na chumba cha dereva upande wa pili, hivyo safari moja inavuta na ya kurudi inasukuma. Kwa nchi kama yetu, yenye njia moja ndefu ya kuhudumia abiria na mizigo, naona kuwa na aina zote mbili ni uamuzi mzuri.

Sasa mashine yako. Ndiyo, unaweza. Kigeuzi kama cha treni, kidogo, kinauzwa kwa ajili ya viwanda. Dukani kiulize kwa jina la VFD au inveta. Chagua kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, na uchukue cha kazi nzito. Kitaondoa ule mshtuko na taa za majirani hazitafifia tena. Lakini hakitaigeuza mota ya hospawa 20 kuwa ya 40, kwa hiyo jenga desturi ya kuiacha ishike kasi kwanza ndipo umwage mahindi. Usiipandishe juu ya hezi 50 kwa tamaa ya kusaga haraka: kasi ikizidi kwa moja ya tano, nguvu inayozivuta nyundo kutoka kwenye shafti inaongezeka kwa karibu nusu, na nyundo ikichomoka ndani ya banda lenye watu hakuna wa kuikimbia. Wala usiiendeshe polepole kwa muda mrefu, maana feni ya mota yako imefungwa kwenye shafti yake yenyewe na ikienda taratibu haipozi. Treni imelikwepa hilo kwa kuwa na feni zenye mota zao za pembeni, ndizo zinazovuma unaposikia kichwa kikinguruma huku treni imesimama. Na kifaa chenyewe usikitundike karibu na mashine: vumbi la unga litaziba mapezi yake ya kupozea ndani ya wiki chache, tena ni vumbi linaloweza kushika moto. Kifunge chumba cha pili, ndani ya boksi la chuma lenye chujio la hewa, na chujio hilo ulisafishe kila unaposafisha chekeche.